Kasha la kompyuta lenye sura ya chombo cha anga: Nzuguni inaweza, lakini kwa vipimo

WAFANYABIASHARA wanaoagiza vifaa vya kompyuta kutoka nje wanalifahamu jambo moja ambalo haliandikwi kwenye ankara. Kasha la kompyuta, lile ambalo mitaani wengi huliita CPU, ni bidhaa ya kusafirisha hewa. Boksi lake lenye urefu wa sentimita 50, kimo cha sentimita 50 na upana wa sentimita 26 linachukua mita za ujazo 0.065. Kontena la futi 40, lenye nafasi ya mita za ujazo 67 hivi, halipokei zaidi ya makasha 1,000 hivi, hata yakipangwa bila kuacha pengo. Nafasi ya kasha moja tupu ingetosha mamia ya vipande vya memori.

Kwa sababu hiyo, kati ya vifaa vyote vinavyounda kompyuta ya mcheza gemu, kasha ndilo lenye hoja ya kutengenezwa karibu na mnunuzi. Swali linalowahusu wenye mitaji midogo ni kama karakana za kuchomelea za Nzuguni, jijini Dodoma, zinazoishi kwa mageti na madirisha ya chuma, zinaweza kuichukua kazi hii kwa faida. Hesabu inaonyesha kuwa inawezekana, ila kwa oda na kwa idadi ndogo. Atakayeanza na sura kabla ya vipimo atapoteza mtaji wake.

SURA HUUZA

Kwamba sura huuza si jambo la kubishania. Mwaka 1996, wakati kompyuta nyingi zilikuwa maboksi ya rangi ya maziwa yaliyochacha, marafiki wawili wa mjini Miami, Marekani, Nelson Gonzalez na Alex Aguila, walianzisha kampuni ya Alienware. Hawakutengeneza chipu wala memori. Walikusanya vifaa ambavyo kila mtu angeweza kununua, wakaviuza kwa wacheza gemu kwa jina na sura ya viumbe wa sayari nyingine. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na Dell.

Afrika Mashariki nayo ina chemchemi yake ya sura za namna hiyo. Filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009, ya mwongozaji Wanuri Kahiu wa Kenya, inaonyesha watu wanaoishi ndani ya makazi yaliyofungwa baada ya vita vya maji, huku nje kukiwa ardhi kavu. Kwa mbunifu wa Dodoma, mkoa wa ukame na vumbi, wazo la nyumba inayozuia vumbi na kutunza pumzi yake linafaa kuliko kunakili meli za vita za filamu za Marekani.

Aidha, kunakili kuna gharama. Nembo na wahusika wa filamu maarufu wana wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda. Kuazima hisia ya filamu ni jambo moja. Kubandika nembo yake kwenye bidhaa ya kuuza ni jambo lingine. Mwenye sura yake mwenyewe anaweza kwenda BRELA na kusajili alama yake ya biashara.

VIPIMO HAVINA MJADALA

Kinachomwezesha fundi wa Nzuguni kuingia katika soko hili ni kipimo kinachoitwa ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995. Ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi, una milimita 305 kwa 244 katika kipimo hicho, na matundu ya skrubu yako mahali palepale kwa kila mtengenezaji. Pawa saplai ya kawaida ina upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86. Feni zinazotumika sana ni za milimita 120. Kwa hiyo fundi akishachora kiolezo kimoja sahihi, kinamfaa kwa oda zote.

Lakini tofauti ya milimita mbili, ambayo kwenye geti haionekani, hapa inaharibu kazi nzima. Tundu la skrubu likikosea, mazabodi haifungiki. Viguzo vidogo vya shaba vinavyoinyanyua mazabodi milimita 6.5 hivi kutoka kwenye bati visipokaa sawa, nyuma yake hugusa chuma na kupiga shoti. Hasara hiyo inazidi bei ya kasha mara kadhaa, na mteja atataka ilipwe na fundi.

Kuna mtego mwingine unaomhusu mwenye duka. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka maofisini, zikiwamo za Dell na HP, zina mazabodi au pawa saplai zenye maumbo ya kampuni husika, yasiyofuata ATX. Mteja anayetaka kuihamishia kompyuta ya namna hiyo kwenye kasha jipya lenye sura ya chombo cha anga atakuta haiingii. Ni lazima apimiwe kabla ya kupokea malipo yake ya awali.

VUMBI NA PUMZI

Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile inaondoa joto kidogo zaidi. Kadi kubwa za picha za miaka ya karibuni hutumia wati 300 na zaidi, na karibu umeme huo wote hugeuka joto ndani ya kasha. Tena, tangu Mei hadi Novemba mvua ni adimu na vumbi ni jingi.

Hapa ndipo kasha la Nzuguni linaweza kulishinda la kuagizwa. Feni mbili za mbele ziingize hewa kupitia chujio la wavu laini linalotolewa na kuoshwa, na feni moja ya nyuma iitoe. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halipati nafasi ya kupenya kwenye mianya. Mapambo ya mbele yenye sura ya mlango wa chombo cha anga yasizibe njia hiyo. Kasha zuri lisilopumua litarudishwa dukani.

MTAJI UNAPOKWAMA

Kasha lenye kimo na kina cha sentimita 45 na upana wa sentimita 21 linahitaji karibu mita moja ya mraba ya bati, pamoja na sahani ya kubebea mazabodi. Shiti ya futi nne kwa nane ina karibu mita tatu za mraba. Baada ya masalio, inatoa makasha mawili. Kwa bati la milimita 0.8 kila kasha lina kilo sita na ushee za chuma. Fundi akitumia bati la milimita 1.5, uzito unakaribia kilo 12, na gharama hupanda hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba bati la 0.8 hutoboka kirahisi kwa moto wa mashine ya kuchomelea mageti. Kazi yake ni kukatwa kwa usahihi, kukunjwa kwa mashine na kupigwa riveti. Asiye na mashine ya kukunja ni nafuu kwake kuilipia huduma hiyo kwa kila kazi kuliko kuinunua kwa oda chache. VETA na SIDO, ambazo zote zipo Dodoma, ni mahali pa kuanzia kuulizia mafunzo na mashine.

Kosa kubwa zaidi lingekuwa kununua moldi ya plastiki kwa ajili ya uso wa mbele. Chukulia kwamba moldi ina gharama sawa na faida ya makasha 2,000. Anayeuza makasha 10 kwa mwezi atafanya kazi zaidi ya miaka 16 kabla ya kuirudisha. Perspeksi ya kukata, bati la kukunja na taa za LED vinatoa sura hiyo bila kufunga mtaji.

Wala asitegemee kinga ya forodha. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza 2005, kompyuta na sehemu zake huingia kwa ushuru wa asilimia sifuri. Kinga yake pekee ni nauli ya ile hewa ndani ya kontena, na huduma kwa mteja aliye karibu.

Soko la kujaribia lipo. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwapo tangu 2007, Serikali ilianza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016, na viwanja vya Nane Nane vipo Nzuguni penyewe, sawa na kituo kikuu cha mabasi kinachoweza kupeleka mzigo Singida au Morogoro. Hata hivyo, vijana wengi hucheza gemu kwenye simu, na wanaojiundia kompyuta kamili ni wachache. Hilo ndilo linaloamua ukubwa wa biashara.

Kwa mwekezaji mdogo, hatua ya busara ni kiolezo kimoja, kasha moja la maonyesho lenye kompyuta inayofanya kazi ndani yake saa nyingi mfululizo, na oda tano zilizolipiwa nusu kabla ya shiti ya tatu kununuliwa. Oda hizo zisipopatikana, hasara haizidi shiti mbili na siku chache za fundi, na karakana itarudi kwenye mageti bila deni.