Uchawi wa karata ukifanya kazi nusu, nani mwenye haki?

BUKAVU – Mchezaji ametupiwa karata inayomlazimisha kuokota tano, lakini kwenye rundo zimebaki mbili. Aokote hizo mbili na mchezo uendelee, au amri yote ife? Iwe Kadutu au Ibanda, kila meza ina jibu lake, na pesa zikiwekwa mezani jibu hilo huzua ugomvi.

Michezo ya karata za kukusanya, yenye viumbe na uchawi, imelazimika kuliandika jibu hilo. Hata hivyo, haikubaliani.

Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, husema: fanya kinachowezekana, kisichowezekana kiache. Ukiamriwa kutupa karata mbili nawe una moja, unatupa hiyo moja. Gharama ndiyo haina nusu: usipoilipa yote, uchawi hautumiki.

Penye walengwa, hesabu hubadilika. Karata iitwayo Electrolyze inaweza kumpiga kila mmoja wa viumbe wawili pigo moja, kisha mwenye karata anaokota moja. Kiumbe mmoja akiondolewa kabla uchawi haujatimia, aliyebaki anapigwa pigo lake lilelile moja, na karata inaokotwa. Wakiondolewa wote wawili, uchawi wote unakufa, hata ile karata ya kuokota haipatikani. Wanaoanza mchezo huu huumia sana hapo.

Yu-Gi-Oh! ya Japani ni kali zaidi. Pot of Greed huruhusu kuokota karata mbili. Rundo likiwa na moja tu, huruhusiwi hata kuitumia. Na tangu 2011, maandishi ya karata zake yamepangwa ili neno la kuunganisha liwe ndilo hakimu. Likiandikwa “na”, mambo yote mawili yafanyike au yote yaanguke. Likiandikwa “kisha”, la kwanza linabaki hata la pili likishindikana, ila la kwanza likishindikana la pili halifanyiki.

Bukavu, ambako shule hufundisha kwa Kifaransa na maongezi ya mtaani ni Kiswahili, tofauti hiyo hupotea kirahisi. Karata imeandikwa “puis”, yaani kisha. Msomaji anamfasiria mwenzake “na”. Sehemu ya kwanza imefanikiwa, ya pili imeshindikana, na mwenye karata anaambiwa arudishe hata kile alichokipata kihalali.