Sauti Isikike, Jirani Asiudhike: Spika Gani kwa Amplifaya Yenye Nguvu?



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, juma hili napenda tuzungumzie chombo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi za visiwa vyetu, nacho kimezipotezea familia kadhaa fedha zao za halali kwa kukosa elimu ndogo tu. Chombo hicho ni amplifaya, pamoja na spika zinazofungamanishwa nayo.

Sababu ya kuandika haya ni dada yangu mkubwa, anayeishi hapa Siyu. Kwa miaka mingi alikuwa akisoma juzuu moja kila siku baada ya sala ya alfajiri. Miaka ya karibuni macho yake yamefifia, na herufi za msahafu zimekuwa kwake kama wingu. Akabaki na masikio, nayo pia yameanza kuchoka. Kijana wake anayefanya kazi Doha alipopata habari hizo alimnunulia mama yake amplifaya nzuri, wati 150 kwa kila upande, ili asikilize Qur'ani na darsa akiwa ukumbini mwake. Spika hakutuma, kwa kuwa ni nzito kusafirisha. Alisema zitanunuliwa huku.

Dada alingoja zamu yake ya mchezo wa akina mama. Ilipofika, alizitoa fedha zote, tukaletewa spika mbili kubwa zilizoandikwa mbele kwa herufi za kung'aa: wati 3000. Siku ya kwanza zilivuma. Siku ya pili dada alilalamika kuwa anasikia mvumo lakini maneno hayajitengi, akaongeza sauti. Siku ya tatu ikatoka harufu ya kuungua, kisha kimya. Fundi alipozifungua alikuta koili za ndani zimekuwa nyeusi, na sumaku zake ndogo kama kifuniko cha birika. Nyuma ya sanduku, kwa herufi ndogo, paliandikwa wati 20.

Dada hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Ndu yangu, mimi sikutaka kelele. Nilitaka kusikia." Maneno hayo yalinifanya nione haya, kwa kuwa mimi ndiye niliyezipokea spika zile na kuzisifu kwa ukubwa wake. Ndipo nikaanza kuuliza mafundi na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wati za kweli na wati za dukani

Wati ni kipimo cha nguvu. Katika spika, nambari yenye maana ni ile ya nguvu inayoweza kupokelewa kwa mfululizo bila kuungua, nayo huandikwa kwa herufi RMS. Nambari kubwa zinazoandikwa PMPO hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa na watengenezaji. Kila mmoja hujikadiria apendavyo. Spika ya wati 20 za kweli inaweza kubandikwa karatasi ya wati 3000 na muuzaji asione kuwa amesema uongo. Mnunuzi basi asisome maandishi ya mbele. Aigeuze spika asome ya nyuma, na ikiwa nyuma hapana kitu, aiache.

Kwa matumizi ya nyumbani, amplifaya ya wati 150 yataka spika zinazobeba wati 100 hadi 150 za mfululizo. Amplifaya ikizidi kidogo si kosa, maadamu mkono unaoshika kitufe cha sauti una adabu. Tena wengi hudhani amplifaya dogo haliwezi kudhuru spika kubwa. Sivyo. Amplifaya dogo likilazimishwa kupita uwezo wake hutoa sauti iliyokatwa vichwa, na sauti hiyo iliyokatwa huiunguza twita, yaani ile spika ndogo ya juu inayotoa sauti nyembamba. Kwa hiyo amplifaya yenye nguvu ni neema, kwa sharti nguvu yake iwe akiba. Ni kama mashine ya chombo cha baharini: nahodha mwema haendeshi kwa nguvu zote, lakini hufurahi kujua kuwa nguvu ipo mawimbi yatakapokuja.

Tahadhari moja zaidi. Kitufe kikiwa nusu haimaanishi kuwa amplifaya inatoa nusu ya nguvu zake. Ikiwa simu au redio inaleta sauti kubwa, nguvu zote zinaweza kwisha kabla ya kitufe kufika katikati. Sauti ikianza kukwaruza, punguza papo hapo.

Wati moja inatosha nyumbani

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Spika hupimwa pia kwa wepesi wake: ukiipa wati moja, na ukasimama mita moja mbele yake, utapata sauti ya desibeli ngapi? Spika nyingi za nyumbani hutoa kati ya 85 na 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni takribani desibeli 60. Maana yake ni kwamba wati moja tu, katika ukumbi wa kawaida, ni sauti kubwa kuliko tunavyohitaji kwa darsa.

Tena kila ukitaka kuongeza desibeli 3, yakupasa kuzidisha wati mara mbili. Hivyo spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 husikika sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Mwenye kuelewa hili hatanunua wati kwa fedha nyingi, hali wepesi wa spika unampa faida ileile. Na kusogea karibu hakugharimu kitu: mahali pa wazi, ukipunguza nusu ya masafa kati yako na spika, unapata desibeli 6 zaidi, sawa na kuzidisha wati mara nne. Ndani ya chumba faida hiyo hupungua, lakini ipo. Dada yangu alikuwa akikaa barazani, spika zikiwa mwisho wa ukumbi.

Nambari nyingine ni ile ya omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika nyingi ni za omu 8, 6 au 4. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyotoa umeme mwingi na kupata joto. Angalieni nyuma ya amplifaya kiwango cha chini inachokubali. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 pamoja kwenye tundu moja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, zitakuwa omu 4. Vijana wetu wakati wa harusi na maulidi huunganisha nne, zikawa omu 2, kisha hushangaa amplifaya kuzimika katikati ya kasida.

Sikio la tajwidi lichague

Mtume, rehma na amani zimshukie, alipoletewa habari ya adhana na Abdallah bin Zayd, alimwamuru amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na yenye kufika mbali. Kuchagua sauti inayofaa kwa kazi yake, basi, si upuuzi. Ni jambo lenye asili.

Uzee hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba. Mzee husikia kuwa mtu anasema, asijue anasema nini, kwa kuwa herufi kama sin, tha, fa na sad hukaa katika sauti hizo nyembamba. Kumwongezea besi mtu wa namna hii ni kumwongezea mvumo. Ahitajicho ni twita safi iliyoelekezwa usawa wa masikio yake. Na ikiwa usikivu umepungua mno, apelekwe kwa daktari wa masikio. Spika haiwi badala ya tiba.

Nanyi mama zangu mliosoma chuoni mna kipimo ambacho wauzaji hawana. Mnapokwenda kununua, chukueni katika simu kisomo mnachokijua vizuri. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, aliyerekodi Qur'ani nzima kwa mwendo wa murattal mwaka 1961, kinafaa sana kwa uwazi wa makhraji yake. Msikilize sin ya Suratu n-Nas, tha ya al-Kawthar na sad ya al-Ikhlas. Zikijitenga kwa sauti ya chini, spika ni njema. Zikichanganyika, hata iwe na taa za rangi saba, iacheni. Ila jueni kuwa rekodi za zamani zina mchakacho wake. Huo si kosa la spika.

Chumba, chumvi na waya

Kumbi za nyumba zetu za mawe ni ndefu na nyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Kuta ngumu za chokaa hurudisha sauti, ikawa kama mtu anasoma kisimani. Msibandike spika pembeni kabisa mwa chumba, maana pembe huzidisha besi. Zivuteni kidogo kutoka ukutani, zielekezeni kwa msikilizaji, na tandikeni zulia au mikeka na kuweka pazia nene. Zidaka nazo, kwa kuvunja ule ubapa wa ukuta, husaidia kuitawanya sauti.

Hewa yetu ya chumvi ni adui mwingine. Ule ukingo laini unaozunguka koni ya spika ukiwa wa sponji huoza na kumeguka baada ya miaka. Wa mpira hudumu zaidi. Masanduku ya mbao za unga hufura yakipata unyevu, basi yasiwekwe chini palipo na maji. Waya uwe wa shaba tupu. Uliopakwa shaba juu, ndani alumini nyeupe, ukiukwangua kwa kisu utaujua. Kwa masafa ya mita kumi, unene wa milimita mraba 1.5 watosha kwa spika za omu 8. Kwa masafa zaidi au kwa spika za omu 4, chukueni 2.5. Nyekundu iende kwa nyekundu kila upande. Upande mmoja ukipinduliwa, besi hupotea na mtu akadhani kauziwa kitu kibovu.

Wanaotumia umeme wa jua waulize amplifaya ya daraja D. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, hugeuza takribani asilimia 85 hadi 90 ya umeme kuwa nguvu ya kusukuma spika, hali zile za daraja AB hufikia nusu au zaidi kidogo, na uliobaki hupotea kwa joto. Betri itawashukuru.

Haki ya jirani na ya mtoto

Luqman alipomuusia mwanawe alimtaka ashushe sauti yake, akamtajia mlio wa punda. Sisi tunaoishi na punda mlangoni hatuhitaji tafsiri. Na katika Suratu l-Israa tumeelekezwa katika sala tushike njia iliyo kati ya kupaza na kuficha. Ikiwa sala yenyewe ina kipimo, je, spika ya ukumbini? Qur'ani inayomwamsha mgonjwa wa jirani au mtoto mchanga haimletei msomeshaji thawabu aliyoitarajia. Na sheria ya nchi nayo ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma, na mtoto 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Mama, ukilazimika kupaza sauti ili mtu wa karibu akusikie, spika imepita kiasi.

Waliotutangulia walikuwa na siwa, ile ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba, ambazo leo zimo katika makumbusho ya Lamu. Zilikuwa na sauti ya kufika mbali, lakini hazikupulizwa kila siku. Zilingoja siku yake. Na mafundi wa Siyu walionakili misahafu kwa mkono walijua kuwa kalamu huchongwa kwa kadiri ya karatasi. Kanuni ni hiyohiyo kwa amplifaya na spika.

Tulimtafutia dada spika mbili zilizotumika, za kimo cha dhiraa moja, zenye ukingo wa mpira, wati 100 za kweli, omu 8, desibeli 89. Bei yake haikufika nusu ya zile zilizoungua. Tukaziweka mita moja na nusu kutoka kitanda chake cha kamba, na kitufe hakikufika hata robo.

Jioni ya kwanza tulimwekea kisomo cha mjukuu wake anayehifadhi Mombasa, alichokituma kwa simu. Alisikiliza kimya, kichwa kimeinama. Nilidhani amelala. Kisha akainua mkono.

"Mtoto ametamka sin mahali pa sad," alisema. "Mwambie arudie."

Nikampigia simu, naye akarudia.

Wabillahi tawfiq.