Buluu ya Lowry

Mwaka 2014 jarida la Nature lilitoa orodha ya makala 100 za kisayansi zilizorejelewa na watafiti kuliko nyingine zote. Nilipoikuta, niliwatafuta kwanza Watson na Crick, waliotueleza umbo la DNA mwaka 1953. Hawamo. Kileleni yuko Oliver Lowry, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani. Makala yake ya mwaka 1951 ilikuwa imerejelewa zaidi ya mara 305,000. Inayoifuata, ya mtafiti aitwaye Laemmli, ilikuwa na takriban 213,000.

Ndani ya makala ya Lowry hamna ugunduzi wa kutikisa dunia. Ni maelekezo ya kupima protini iliyomo katika kimiminika.

Sampuli yako, hata ikiwa kidogo mno, unaitia mchanganyiko wa shaba na kabonati ya sodiamu, jamaa wa magadi ya jikoni. Unasubiri dakika 10, shaba ishikane na protini. Kisha unatia kemikali iitwayo dawa ya Folin, na hapo mkono uwe mwepesi: ni lazima uchanganye ndani ya sekunde moja au mbili, maana dawa hiyo ikikutana na alkali ya mchanganyiko ule nguvu zake hazidumu. Ukizubaa, kipimo kimeharibika. Baada ya nusu saa buluu imekolea. Kadiri protini ilivyo nyingi ndivyo buluu inavyozidi, na mashine ya kupima mwanga huigeuza rangi hiyo kuwa tarakimu. Shaba na dawa ya Folin vilikuwa vimeshatumiwa na wengine. Lowry na wenzake waliipekua kila hatua, muda wake, vipimo vyake, kemikali zinazoivuruga, mpaka mtu yeyote mwenye maabara ya kawaida akaweza kuifuata na kuliamini jibu lake. Mimi naiona hiyo kuwa sayansi ya heshima kabisa.

Lowry hakuiona hivyo. Alipoandika kuhusu sifa hiyo, alisema inapendeza kuwa mtu anayerejelewa kuliko wote, lakini alichelea kwamba si dalili ya mafanikio makubwa ya kisayansi. Kubuni mbinu, kwake, ni kazi ya kawaida tu. Wenye kazi za ubunifu zaidi wanazihitaji mbinu, basi wanajiona wana wajibu wa kumtaja aliyewatengenezea. Alijua, alisema, kwamba makala ile si kubwa. Zilikuwapo nyingi za maabara yake zilizomridhisha zaidi. Hata hivyo alikiri, kwa unyofu unaonigusa, kwamba kimoyomoyo anafurahia jinsi ilivyopokelewa.

Kazi yake nyingine ilikuwa kupima vimeng'enya ndani ya seli moja moja ya neva. Kwa hilo alihitaji mizani ya uzi wa kwatzi, mwembamba kiasi cha kuhisi uzito wa kipande cha seli. Ni vigumu kutompa haki anapoiweka kazi hiyo juu ya ile buluu.

Kwa nini basi DNA haimo? Ugunduzi ukishaingia katika vitabu vya shule, watu huacha kutaja ulikotoka. Mbinu hutajwa kila inapotumika. Mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi anayehesabiwa makala zake anapoomba kupandishwa cheo anastahili kupimwa na watu wanaoijua tofauti hiyo. Aliyewarahisishia kazi maelfu na aliyebadilisha fikra za wachache, nani atangulie? Tarakimu haiwezi kuamua, na sidhani kama kamati za kupandisha vyeo nazo huwa na muda wa kusoma.

Halafu wapo Nira Rosebrough, Lewis Farr na Rose Randall. Majina yao yamo juu ya makala ileile, na marejeo yote 305,000 ni yao pia, ila maabara zote husema "mbinu ya Lowry". Ni nani kati ya hao wanne aliyekuwa wa kwanza kung'amua kwamba dawa ya Folin haisubiri?