Vipanga na Kombi Zao: Kweli au Si Kweli?

Kipanga, yaani mwanafunzi mwenye akili nyingi, hapati shida kuchagua fani.
Si kweli. Aliyepata A ya Fizikia peke yake anajua pa kwenda. Mwenye A za Fizikia, Historia na Kiswahili ndiye anayekesha. Matokeo yanaonyesha anachoweza, anachokipenda hayakisemi. Basi husubiri kuambiwa, na nyumbani jibu lipo tayari: kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano, iwe PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), ukawe daktari. HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), eti, ni ya walioshindwa sayansi. Huko ni kumwonea mtoto, na kuionea Historia pia.

Aliyeachwa kwenye mchujo wa vipaji hana lake.
Si kweli. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kusaka watoto wenye akili nyingi California, akafuatilia maisha ya zaidi ya 1,500. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa. Shockley akaja kupata Nobel ya Fizikia mwaka 1956, Alvarez 1968. Katika waliochaguliwa, hakuna aliyeipata.

Mwenye akili ana moyo mgumu.
Si kweli, na hapa ndipo wazazi wengi hushtukizwa. Mtoto aliyeshika namba moja tangu darasa la kwanza hajawahi kujifunza kushindwa. Anapangiwa shule ya vipaji kama Ilboru, Kibaha au Mzumbe, anakuta bweni zima ni la walioshika namba moja. Mtihani wa kwanza anakuwa wa thelathini, naye anaanza kuamini kwamba zile A zote alibahatisha. Wenzake wa kawaida walishazoea kuanguka na kuinuka. Yeye anaanza leo, ugenini.

Kumsifu kwamba ana akili kunamjenga.
Si kweli. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio yao na wanafunzi wa darasa la tano Marekani. Waliosifiwa akili, walipopewa maswali magumu wakakosa, walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa bidii. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu wanne kati ya kumi wa waliosifiwa akili walijiongezea.

Kubadili kombi ni kufeli.
Si kweli. Kufeli hasa ni kufika mwaka wa tatu wa udaktari ndipo ukubali kwamba wodi huipendi.

Vipanga wanahitaji ushauri nasaha.
Kweli. Lakini mara nyingi ofisini kwa mwalimu wa ushauri huitwa watoro na walioshuka alama. Wa kwanza darasani huitwa kupokea zawadi tu.