Kina Holmes na Rekodi Zao

Ukilitaja jina Holmes, wengi humkumbuka Sherlock, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle mwaka 1887. Naye ana rekodi yake: mwaka 2012 Guinness ilimtangaza kuwa binadamu wa hadithini aliyeigizwa mara nyingi kuliko wote katika filamu na televisheni, mara 254. Lakini wapo kina Holmes walioishi kweli, na inaniuma kuona wanafunikwa na mtu wa vitabuni.

Anayenigusa zaidi ni Kelly Holmes, mwanajeshi wa zamani wa Uingereza aliyeandamwa na majeraha kwa miaka mingi. Agosti 2004 aliingia fainali ya mita 800 Olimpiki ya Athens akiwa na miaka 34. Bingwa mtetezi alikuwa Maria Mutola wa Msumbiji, ambaye Kelly alikuwa akifanya naye mazoezi. Mzunguko wa kwanza Kelly alikaa nyuma, akiwaacha wenzake wachoshane. Mwishoni alimpita Mutola, akakata utepe kwa 1:56.38, macho yamemtoka, haamini kama ameshinda. Hasna Benhassi wa Morocco na Jolanda Čeplak wa Slovenia walimaliza kwa 1:56.43, na Mutola akaondoka bila medali. Siku tano baadaye Kelly akatwaa na mita 1500. Mwingereza wa mwisho kushinda mbio hizo mbili katika Olimpiki moja alikuwa Albert Hill, mwaka 1920!

Kwenye ndondi yupo Larry Holmes, bondia pekee aliyemmaliza Muhammad Ali kabla ya raundi kwisha, Oktoba 1980. Zamani alikuwa akimsaidia Ali mazoezini, na usiku ule wa ushindi alilia. Alifikisha mapambano 48 bila kupigwa, akibakiza moja tu kuifikia rekodi ya Rocky Marciano, ndipo Michael Spinks akamshinda mwaka 1985.

Jaji Oliver Wendell Holmes alistaafu mwaka 1932 akiwa na miaka 90. Mahakama Kuu ya Marekani haijawahi kuwa na jaji mzee kuliko yeye.

Hata angani jina hili limo. Edwin Holmes, mtazamanyota wa London asiyelipwa na yeyote, aligundua nyotamkia mwaka 1892. Oktoba 2007 nyotamkia hiyo ililipuka, kwa muda usiofika siku mbili mwanga wake ukaongezeka takriban mara nusu milioni, mlipuko mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana kwenye nyotamkia. Wingu lake la vumbi lilitanuka hadi kulizidi jua kwa upana, ilhali kiini chake ni cha kilomita chache tu.