Mkaguzi Akiomba Daftari la Mishahara

Labda umepata kumwona mgeni akishuka garini mbele ya kiwanda, duka kubwa au hata ofisi ya parokia, mkoba kwapani, akisema: "Naomba daftari la mishahara." Watu hushtuka. Wengine hunong'ona ya kuwa Serikali imekuja kupekua siri zao.

Mgeni huyo ni mkaguzi wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Hapa Tanzania akiba ya wafanyakazi ilianza kwa sheria ya mwaka 1964, na Mfuko huu wa sasa ulitokana na sheria ya mwaka 1997. Mwajiri hupeleka asilimia 20 ya mshahara, wala haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Basi mlinzi wa shilingi 200,000 akikatwa 20,000, mwajiri huongeza 20,000 nyingine.

Je, fedha zikikatwa zisifike? Mlinzi hana habari. Aona tu mshahara umepungua. Tena ili apate pensheni ya kila mwezi uzeeni, yampasa awe na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ikipelea, hupewa malipo ya mara moja, basi. Ndiyo sababu sheria inamruhusu mkaguzi kuingia mahali pa kazi, kufunua vitabu na kuwahoji watu. Daftari likifungiwa kabatini kwa jina la siri, mara nyingi anayefaidika na siri hiyo si mfanyakazi.

Lakini mkaguzi naye ana mipaka. Mapatano namba 81 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1947, yanawataka wakaguzi wa kazi wasitoboe siri za biashara walizozijua kazini, hata wakiisha kuacha kazi, wala wasimtaje aliyepeleka mashtaka. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo mwombe kwanza kitambulisho chake, kisha mpe kilicho chake: mishahara, majina, tarehe za kuajiriwa. Kitabu cha ubatizo na cha ndoa hakimhusu.

Nami sisemi kama mtu asiye na doa. Mkaguzi alipokuja kwetu, alikuta miezi saba ya mama mpishi haijapelekwa. Niliona haya, maana mwandiko ulikuwa wangu. Paroko alilipa yote pamoja na faini. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi mama huyo huja dirishani, mikono ina unga, aniulize: "Karani, umepeleka?" Namwonyesha risiti.