Njia za Watoro, Mbio za Waungwana

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Oktoba, kisiwa cha Réunion hukesha. Usiku wa Alhamisi, katika mji wa Saint-Pierre ulio pwani ya kusini, watu zaidi ya elfu mbili hujipanga barabarani, taa zimefungwa vichwani, mikoba midogo migongoni, na wenyeji wakiwashangilia pande zote mbili kama wanaosindikiza maharusi. Ishara itolewapo, umati huo huelekea milimani. Nia yao ni kukikata kisiwa kizima mshazari hadi mji mkuu wa Saint-Denis ulio kaskazini: mwendo wa zaidi ya kilomita 165, na kupanda ambako kukijumlishwa kunafikia mita 10,000 hivi.

Mbio hizo huitwa Grand Raid, na njia yake kuu imepewa jina la Diagonale des Fous, yaani Mshazari wa Wendawazimu. Zilianza mwaka 1989, na mwaka 2020 hazikufanyika kwa sababu ya maradhi ya korona. Mabingwa kama Kilian Jornet wa Hispania, aliyeshinda mwaka 2010 na 2012, na François D'Haene wa Ufaransa, aliyeshinda mara nne baina ya 2013 na 2018, wameumaliza mwendo huo kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo. Lakini walio wengi si mabingwa. Ni watu wa kazi za kila siku, ambao hutembea zaidi kuliko wanavyokimbia, wakaona jua likichomoza mara mbili au tatu wangali njiani. Mwenye kufika katika kiwanja cha Redoute huvishwa fulana ya manjano yenye maneno ya Kifaransa yasemayo kwamba amenusurika. Wala maneno hayo si mzaha mtupu, kwani wapo waliokwenda katika mbio hizo wasirudi.

Tumeona vyema kuyazungumza mambo haya katika safu hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Réunion ni kisiwa cha bahari yetu hii hii, na katika damu ya watu wake imo damu iliyotoka mwambao wetu. Ya pili ni kwamba viongozi wa visiwa, kila watajapo utalii, hutaja mchanga mweupe na maji ya buluu, kana kwamba kisiwa hakina kitu kingine cha kumwonyesha mgeni. Réunion ina ufukwe haba. Utajiri wake umo katika milima na makorongo, na namna unavyotunzwa, na pale usipotunzwa vizuri, pana mafunzo kwetu sote.

Yafaa kwanza msomaji akijue kisiwa chenyewe. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,500 hivi, karibu sawa na Unguja na Pemba kwa pamoja. Lakini ilhali mlima mrefu wa Unguja ni kilima tu, Piton des Neiges wa Réunion una urefu wa mita 3,070, na jirani yake, Piton de la Fournaise, ni volkano iliyo hai ambayo hutema moto mara kwa mara. Kuuzunguka Piton des Neiges pana mabonde matatu makubwa yaliyozungushiwa kuta za miamba: Salazie, Cilaos na Mafate. Kuta hizo husimama wima mamia ya mita, na maji yamezichonga kwa maelfu ya miaka yakafanya mapango, maporomoko na makorongo membamba ambamo jua huingia kwa saa chache tu za mchana. Mwaka 2007 sehemu hiyo ya kisiwa ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 2010 ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa, ni nani aliyezikanyaga kwanza njia ambazo leo watu hulipa ada ili wazikimbie? Kisiwa hicho hakikuwa na wakaazi hapo kale. Mwaka 1663 waliletwa Wabukini wachache, wanaume na wanawake, pamoja na Wafaransa wawili, na haukupita muda mrefu Wabukini wale wakakimbilia milimani. Huo ulikuwa mwanzo tu. Kilimo cha kahawa, na baadaye cha miwa, kilipopanuka, watumwa waliletwa kwa maelfu kutoka Bukini, Msumbiji na mwambao wa Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka, ili wapelekwe katika visiwa vya Ufaransa vya bahari hii. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za ugenini tupu. Waliopakiwa majahazini na merikebuni Kilwa walikuwa watu wetu.

Wengine kati ya watumwa hao hawakukubali. Usiku walitoroka mashambani wakapanda kwa makorongo, kwa kuwa korongo huficha mtu na maji hufuta nyayo. Sisi watu wa pwani tunalo neno la watu wa namna hiyo: watoro. Mwambao wetu wenyewe ulikuwa na vijiji vya watoro, kama Fuladoyo, huko pwani ya Kenya. Watoro wa Réunion waliishi juu kwenye vijiuwanda vidogo vilivyoning'inia baina ya genge na genge, na waliwindwa kwa bunduki na mbwa, na wawindaji wakalipwa kwa kila kichwa. Majina ya mabonde yangali yakiwashuhudia. Mafate ni jina linalohusishwa na mkuu mmoja wa watoro. Cilaos, kama wengi wasemavyo, limetokana na neno la Kibukini lenye maana ya mahali pasipohamwa. Na katika Salazie uko mlima wa Anchaing, uitwao kwa jina la mtoro anayesimuliwa katika hadithi za kisiwa kizima. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 20 Desemba, 1848, na zaidi ya watu elfu sitini wakawa huru.

Hivyo ndivyo njia zile zilivyozaliwa. Baada ya watoro walikuja Wazungu maskini waliokosa ardhi pwani, kisha wapagazi waliowabeba matajiri kwa viti hadi kwenye chemchemi za maji moto za Cilaos, kabla ya barabara kuchongwa katika miaka ya 1930. Leo wanaopita ni waungwana wenye viatu vya thamani, wakikimbia kwa furaha yao. Hatusemi kwamba hilo ni kosa. La hasha! Ni jambo la kupendeza kwamba njia ya hofu imegeuka kuwa njia ya furaha. Tunachosema ni kwamba anayeipita yafaa aambiwe ni njia ya nani, na kibao kimoja cha maneno machache kingetosha.

Tuje kwenye makorongo. Mchezo wa kuteremka makorongo kwa kamba umeenea mno Réunion. Watu huvaa kofia ngumu na nguo nzito za kuzuia baridi ya maji, wakashuka ukuta wa mwamba huku maporomoko yakiwamwagikia, wakaruka katika vidimbwi, na wakateleza juu ya miamba iliyolainishwa na maji kama vigae. Fleurs Jaunes, karibu na Cilaos, ni korongo ambalo hata mwanafunzi huweza kulishuka akiwa na kiongozi. Trou de Fer, yaani Tundu la Chuma, ni shimo la kutisha lenye maporomoko ya mamia ya mita, na watu hawakuwahi kulishuka kwa kamba hadi mwaka 1989.

Hatari ya makorongo haitoki kwenye urefu wake pekee. Inatoka mawinguni. Tarehe 7 na 8 Januari, 1966, mahali paitwapo Foc-Foc, karibu na volkano, ilinyesha mvua ya milimita 1,825 katika muda wa saa 24. Hiyo ni zaidi ya mvua ambayo Unguja Mjini huipata kwa kawaida katika mwaka mzima. Mwezi wa Februari 2007, katika kimbunga cha Gamède, zilinyesha milimita 4,936 kwa siku nne katika kreta ya Commerson. Hakuna mahali popote duniani palipowahi kupimwa mvua iliyozidi hizo kwa muda kama huo. Basi mtu aliye chini ya korongo huenda akaona anga jeupe juu yake, ilhali mvua inamwagika kileleni, kilomita kadhaa kutoka hapo. Kuta ni wima, mwamba haunywi maji kwa haraka, na yote hukusanyika katika mfereji mmoja mwembamba. Dakika chache tu, na kijito kilichokuwa cha magotini kinakuwa mto unaoviringisha mawe. Kiongozi mwenye ujuzi huyatazama maji yakibadilika rangi, husikiliza mlio wake, na huwa amekwisha kujua tangu asubuhi mahali pa kupandia iwapo mambo yataharibika. Mara nyingi hodari wa kazi hiyo ni yule anayewaambia wageni waliokwisha kulipa, "Leo hatushuki."

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Lakini upole huo hauwezi kuachiwa hekima ya mtu mmoja mmoja. Huko Réunion, anayewaongoza watu makorongoni kwa malipo sharti awe na shahada inayotambuliwa na serikali. Njia hufungwa kwa amri pindi mawe yanapoporomoka, na kuna kikosi maalumu cha askari wa uokoaji wa milimani, wenye helikopta. Kimbunga cha Garance kilipokipiga kisiwa hicho tarehe 28 Februari, 2025, njia za milimani ziliharibika na ikabidi zifungwe, zikakaguliwa na kutengenezwa moja baada ya moja. Kazi hiyo haina fahari wala haipigwi picha. Ni ya watu wenye panga, jembe na nyundo, wanaozibua mifereji na kupanga ngazi za mawe na magogo. Hata hivyo, bila ya hao hakuna mbio, hakuna mgeni, wala hakuna fulana ya manjano.

Limebaki neno la wenyeji, nalo ndilo zito kuliko yote. Bonde la Mafate halina barabara ya gari hata moja. Wamo humo watu mia saba au mia nane, katika vijiji vilivyotawanyika, na kila wanachokihitaji huingia kwa miguu au kwa helikopta: unga, saruji, mtungi wa gesi, hata kitanda. Kwa miongo kadhaa barua zao zilipelekwa na tarishi Ivrin Pausé, aliyezunguka bonde lote kwa miguu, mfuko begani, na jina lake linaheshimiwa hadi leo. Mtoto amalizapo shule ya msingi hana budi kutoka bondeni ili aendelee na masomo. Na ardhi wanayoikalia si mali yao; ni ya umma, nao huishi juu yake kwa mikataba.

Watu hao ndio wanaowalaza wageni, wakawapikia wali na maharage, wakawaelekeza njia. Utalii umewapa riziki ambayo kilimo cha kwenye genge hakikuweza kuwapa, na wengi wao wasingebaki bondeni lau si wageni hao. Lakini njia ambayo kwa mgeni ni mchezo, kwa mwenyeji ni barabara ya kumpeleka mgonjwa. Inapofungwa, mgeni hughairi safari yake, akaenda kulala hotelini; mwenyeji hana pa kughairi. Tena yule ambaye babu yake alizaliwa pale hawezi kusema kwa hakika kwamba mjukuu wake atakaa pale. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi haitoshi kuhesabu wageni waliokuja. Sharti tuulize pia kama mwenyeji amepona, na kupona kwenyewe ni fedha za msimu mmoja tu, au ni pamoja na haki ya mahali alipozaliwa.

Visiwa vya bahari hii vina maumbile mbalimbali. Ngazija ina Karthala, mlima wa moto wenye mita 2,361, na Wangazija wengi wanaishi Réunion na wanayajua haya kwa macho yao. Pemba ina vilima na misitu; Unguja ina mapango na njia za kale. Hatushauri kila kisiwa kianzishe mbio za wendawazimu. Tunawaomba wakuu wanaoandika mipango ya utalii wajiulize mambo matatu kabla hawajachapisha picha ya kwanza: ni nani atakayeitunza njia msimu wa mvua utakapoiharibu, ni nani mwenye mamlaka ya kusema leo hatushuki, na atasikilizwa hata kama fedha zimekwisha kulipwa, na mwenye kijiji kando ya njia hiyo ana karatasi gani mkononi ya kuonyesha kwamba mahali pale ni pake.

Majibu ya maswali hayo yakiwa tayari, na yakiwa yameandikwa, mgeni na aje. Atakuta mwenyeji amesimama mlangoni kwake mwenyewe.